Fundi Baiskeli Amekuwa Nesi, Mama Zulfa

Tura, Jumapili baada ya adhuhuri

Mama Zulfa,

Assalamu alaikum, mke wangu. Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako namwachia Mwenyezi Mungu, maana Yeye ndiye anayeijua. Yangu nitakueleza mimi, na leo nina mengi, na karibu yote ni ya furaha. Ukiona mwandiko unakimbia, ndiyo sababu.

Nimekuwa nesi.

Nimeandika hivyo, nikaweka kalamu chini, nikacheka peke yangu kama mwehu. Mimi Shabani, fundi baiskeli wa mtaa wa Kanyenye kule mjini, ambaye ulikuwa unanifukuza jikoni kwa sababu ya grisi ya mikononi! Sasa nina sare tatu nyeupe na leseni yenye picha yangu, na watu wa kijijini kwenu wananiita daktari ingawa kila siku nawasahihisha. Ndiyo, kijijini kwenu. Nimepangiwa zahanati ya Tura. Nilipoliona jina la kituo kwenye barua ya ajira niliisoma mara tatu, kisha nikampa Zulfa naye aisome, nisije nikawa naota. Kutoka dirisha la chumba cha sindano naisikia treni ikipiga honi kuingia stesheni, ile ile uliyopandia ulipokuja mjini ukiwa bibi harusi wangu.

Watu hawachoki kuniuliza. Mwanaume aliyepita arobaini, mwenye karakana yake, aliachaje spana akashika sindano? Huwa nawajibu kwa mzaha, nasema baiskeli hazisemi asante. Lakini wewe nataka nikueleze vizuri. Ulikuwepo siku zote zile, na hatukuwahi kulizungumza, kwa sababu hukuwa na maneno.

Asubuhi ile ulikuwa unamsuka Zulfa barazani. Mkono wako wa kulia ukaachia nywele, ukaanguka mapajani kama si wako. Zulfa akasema, "Mama, mbona umeniachia njiani?" Ulipotaka kumjibu, mdomo ukaenda upande. Mimi nilikuwa uani nanyoosha rimu. Hadi leo nikisikia mtoto anamwita mama yake kwa sauti kama ile, mwili wangu unaanza kukimbia kabla sijafikiri.

Siku tatu za kwanza wodini sikuwa na faida yoyote. Nilikaa kwenye benchi na chupa ya chai. Ndugu walikuja, wakaomba dua, wakasimama kukizunguka kitanda wakizungumza habari zako kana kwamba wewe haupo. Siku ya nne akaingia zamu Sista Modesta, yule mama mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wako. "Mama Zulfa, habari za asubuhi. Mimi ni Modesta. Nataka kukugeuza ulalie ubavu wa kushoto. Nitakushika begani, halafu kiunoni." Ndipo akakugusa. Machozi yakakutoka. Mimi nikasimama kwa hasira, nikidhani amekuumiza. Akaniambia bila hata kugeuka:

"Hajaumia, baba. Amesemeshwa. Mkeo hajafa, anasikia. Vua saa, nenda kanawe mikono, uje nikufundishe."

Alinifundisha siku tisa. Kugeuza kila baada ya saa mbili. Kuweka mto katikati ya magoti. Kukuketisha wima kabla ya kijiko cha kwanza cha uji, na kusubiri umeze ndipo kije cha pili. Nilikuwa mwepesi kuelewa, na mimi mwenyewe nilishangaa. Siku ya saba kulikuwa na mama mmoja kitanda cha jirani anamuuguza baba yake, anamvuta kwa mikono kama anavuta gunia. Sista Modesta alikuwa anamchoma mtu sindano, akasema kwa sauti, "Baba Zulfa, hebu mwonyeshe huyo unavyofanya wewe." Nikaenda. Nikainama, nikamsalimia mzee, nikamwambia nitamshika wapi, nikamgeuza. Mzee akashusha pumzi, akafumba macho kwa raha.

Mama Zulfa, kuna jambo hapa sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi. Wewe umelala pale nusu ya mwili haikusikii, na mimi moyoni nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa baiskeli yoyote niliyoitengeneza. Niliona aibu. Nikarudi kukaa karibu yako nikashindwa kukutazama. Basi leo najua hukuwa na kinyongo, maana furaha ile ndiyo iliyokuhudumia baadaye. Lakini wakati ule niliificha kama mtu aliyeiba.

Tulipokurudisha nyumbani lilikuwa limekubakia neno moja tu, "bado". Njaa ilikuwa bado, kiu bado, ndiyo bado, hapana bado. Zulfa alijifunza haraka kuzitofautisha bado zako kwa sauti. Mimi ilinichukua mwezi mzima. Siku moja nilikuletea maji mara nne, kumbe unataka nifunge dirisha.

Na ndipo nikakosea. Kazi zilikuwa zimerundikana karakana, wateja wananifuata mpaka mlangoni. Nikaanza kusema acha nimalizie hili gurudumu, nitamgeuza baadaye. Saa mbili zikawa nne, zikawa mchana mzima. Wiki mbili tu, Mama Zulfa. Nilipokuja kuona, kidonda kilikuwa kimeshafunguka chini ya mgongo, kipana kama kizibo cha soda, na kirefu kuelekea ndani kuliko nilivyotaka kujua.

Ndiyo wiki aliyokuja mama yako.

Unajua mila zenu. Kwa miaka yote ya ndoa yetu mama mkwe hakuwahi kuzungumza nami uso kwa uso. Alikuwa anapitishia kwako, na ulipougua akawa anapitishia kwa Zulfa. Aliingia chumbani, akafunua khanga, akatazama. Akatoka akasimama uani, amenipa mgongo, akamwambia Zulfa kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia: "Mwambie baba yako anamwacha mwanangu aoze akiwa hai. Mwambie mwanaume hana mikono ya kuuguza. Kesho naondoka naye kwa treni. Dada zake watamwangalia."

Kidonda kilikuwepo. Nilikubali kabisa, nikaingia ndani kukufungia nguo. Nilipokuinamia nichukue sanduku, mkono wako wa kushoto ukanishika shati. Ulinishika hapa kifuani, ukakaza mpaka kifungo kikatoka. Ukasema, "Bado."

Zulfa alikuwa mlangoni. Akatoka kwenda kumwambia bibi yake, "Amekataa." Mama yako akapanda treni peke yake. Hakuaga.

Nilirudi kwa Sista Modesta nimeinamisha kichwa. Hakunigombeza hata kidogo. Alinionyesha kusafisha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi yakapoa, kufunga, kutokulaza kabisa upande ule, na akaniambia nikulishe mayai, maharage na maziwa, kwa sababu nyama mpya inataka chakula. Siku hiyo hiyo nilihamisha benchi langu la kazi kutoka karakana nikaliweka barazani chini ya dirisha lako. Saa mbili zikitimia, naacha spana, naosha mikono mpaka viwiko, naingia. Wateja wakazoea kusubiri. Mdogo wangu Idi alinijia siku moja, ameona haya kwa niaba yangu. "Kaka, watu wanasema umekuwa yaya." Nikamwambia ashike baiskeli ile aimalizie, zamu imefika.

Wiki kumi na moja. Asubuhi nilipotoa kitambaa nikakuta ngozi imekutana, nyekundu na laini kama ya mtoto, nilipiga kelele, "Kimefunga!" Jirani wa nyuma akauliza nani kafunga goli. Wewe ulicheka na nusu ya mdomo, halafu ukasema "bado", na Zulfa akacheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kushinda kitu maishani kama nilivyoshinda siku ile.

Kingine sitakirudia kirefu. Miezi kumi na minne tangu uanguke, kiharusi cha pili, siku mbili hospitali, basi. Mama yako alikuja na wanawake wa kwenu wakakuosha. Mimi nilikaa nje ya mlango nikisikia maji yanamwagika, na mikono yangu haikujua pa kukaa. Alipotoka alipita mbele yangu akaenda zake. Baada ya matanga akarudi Tura. Hakumtuma hata Zulfa kwangu na neno.

Nilirudi kwenye baiskeli. Lakini mwili ulikuwa umeshazoea. Kila baada ya saa mbili nilijikuta nimeacha kazi, nimeosha mikono, nimesimama chumbani na maji yanadondoka sakafuni, na kitanda ni kitupu. Zulfa alinikuta hivyo mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu hakulia. Alisema, "Baba, kwa nini usiende kusomea?"

Nikamwambia nilipata F ya kemia kidato cha nne, miaka hiyo ya zamani. Akasema, "Mimi mwaka huu nipo kidato cha nne. Tutasoma wote."

Ungetuona! Baba na binti, benchi moja, kwenye meza ile yenye alama ya chungu chako. Yeye anafundisha, mimi nakosea. Alinipigia meza kwa rula. "Baba, asidi na besi! Tulisema jana!" Mtihani tulifanya mwaka mmoja, yeye kwa sare ya shule, mimi mtahiniwa wa kujitegemea mwenye kipara. Matokeo yalipotoka nilikuwa na C ya kemia. Yeye alipata B, na hajaacha kunikumbusha. Sasa yupo chuo kikuu anasomea ualimu wa kemia, na akiulizwa kwa nini, anasema mwanafunzi wake wa kwanza alifaulu.

Idi alidhani nimechanganyikiwa kwa msiba. Alikwenda mpaka kwa imamu akamwomba aniite. Imamu akaniita, akanisikiliza, akauliza swali moja tu: zamu za chuo zitaniruhusu kuswali? Nikasema zitaniruhusu. Akasema, "Basi mnataka niseme nini?" Idi akachukua funguo za karakana, na kazi anaifanya vizuri kuliko mimi.

Siku ya kwanza chuoni mwalimu alikagua kucha. Nilikuwa nimesugua kwa sabuni ya magadi, limau na mchanga, na bado grisi ilionekana pembeni. Vijana wakacheka. Mwalimu akauliza, "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikasema, natengeneza baiskeli. Akaniambia nikae mbele. Wale vijana waliniita Babu kwa mwezi mmoja. Tulipoanza mafunzo wodini wakaanza kunifuata, kwa sababu mimi kugusa mgonjwa hakukunitisha. Kulikuwa na kina mama waliokataa mwanaume, na ilikuwa haki yao. Nilisimama nje ya pazia mpaka wao wenyewe waseme ingia. Wengi walisema.

Nikamaliza, nikasubiri ajira, nikajitolea mwaka mzima. Kisha barua ile. Tura.

Nitakwambia ukweli, niliogopa. Sikuogopa kazi. Nilimwogopa mama yako. Nilifika nikampelekea salamu na sukari kupitia kwa mtoto wa dada yako. Sukari ilipokelewa, salamu haikurudi. Miezi miwili nikawa napita karibu na uwanja wenu, naona khanga yake ikiingia ndani ninapokaribia. Nikasema sawa, ni mila, na ni kidonda kile. Ana haki ya kukikumbuka.

Halafu ikaja Jumanne moja, siku ya kliniki ya watoto, zahanati imejaa. Naandika kadi, nasikia kina mama wamenyamaza. Nikainua kichwa. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, amegeuka akitazama nje, mgongo kwangu, kama mila inavyotaka. Pembeni yake alikuwepo kijana mkulima, Masanja, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mke wa Masanja, Kulwa, alikuwa ametoka hospitali ya mjini, kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi. Masanja alikuwa ameshamtafutia usafiri wa kumrudisha kwa wazazi wake.

Nikatafuta kwa macho mtoto wa kupokea maneno. Hakukuwa na mtoto. Mama yako alizungumza akitazama ule mti wa nje na wale watu waliokaa chini yake, lakini alizungumza na mimi. Ni mara ya kwanza tangu nikuoe.

"Nimekuletea huyu. Anasema mwanaume hana mikono ya kuuguza. Hayo maneno ameyapata kwangu."

Nikadhani amemaliza.

"Mwanangu nilimwosha mimi mwenyewe," akasema. "Nilimgeuza nikatafuta kile kidonda. Nilitafuta kwa mkono. Miezi kumi na minne kitandani, na mgongo wake ulikuwa mzima. Mfundishe huyu kama ulivyofanya kwa mwanangu."

Akaondoka. Kadi ya mtoto wa watu niliilowanisha, ikabidi niandike nyingine.

Kumbe alijua. Miaka yote ile alikuwa anajua, na mimi nilikuwa nadhani amebeba hasira, kumbe amebeba neno zito ambalo mila haikumpa njia ya kulitoa. Alilitafutia njia, akaileta mwenyewe kwa miguu mpaka mlangoni kwangu.

Jioni nilikwenda kwa Masanja. Alikuwa amekaa kizingitini. "Daktari, mimi nimwogeshe mwanamke? Watu wataniona vipi?" Nikamwambia, "Watakuona. Waache waone. Vua saa, kanawe mikono." Nikainama kwa Kulwa, nikamwambia mimi ni nani na nitamshika wapi. Akatiririkwa na machozi. Masanja akasimama kwa hasira, na mimi, Mama Zulfa, nilijua kabisa la kumwambia.

Ana mikono mikubwa ya jembe, lakini alijifunza. Nilikwenda kila siku, baadaye mara mbili kwa wiki. Kulwa alikuwa na bahati kuliko wewe, mguu wake ulikuwa na uhai kidogo, na tuliufanyisha mazoezi. Kwanza kidole gumba. Halafu goti. Halafu akasimama ameshika mlango, akahesabu mpaka saba kwa Kinyamwezi, akakaa akiwa amelowa jasho.

Jumanne iliyopita, siku ya kliniki tena, wale wale kina mama kwenye foleni, nikasikia kigelegele. Kimoja, kisha vingi. Nikatoka. Kulwa alikuwa anakuja kwa miguu yake, fimbo mkono wa kushoto, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, tangu nyumbani kwake mpaka zahanati. Masanja alikuwa nyuma yake amenyoosha mikono yote miwili, hamgusi, anamfuata tu kama mtu anayemfundisha mtoto baiskeli. Alipofika mlangoni hakutaka kiti. Alisema anataka kupimwa presha akiwa amefika mwenyewe. Nilimpima. Ilibidi nirudie, maana sikusikia kitu kwa vigelegele.

Nilipogeuka, mama yako alikuwa miongoni mwao, mtandio umemdondoka mabegani, anapiga kigelegele kuliko wote. Alinitazama, uso kwa uso. Hakugeuka.

Basi hiyo ndiyo habari, mke wangu. Kama kuna mtu huko anakuuliza mumeo anafanya kazi gani, mjibu kwa kichwa juu. Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu, amenipa jukumu jipya. Kuanzia wiki ijayo nitapita vitongoji vyote, hadi ng'ambo ya reli, kuwafundisha wanaume wenye wagonjwa nyumbani. Tayari kumi na mmoja wameandikisha majina, na wawili wao ni wazee wa msikiti. Nakuahidi nitawafikia wote, masika na kiangazi, na nikiwamaliza hawa nitaomba niende kijiji kinachofuata. Sitaiacha kazi hii mpaka waje wanivue sare kwa nguvu.

Pumzika, Mama Zulfa. Mwenyezi Mungu akupe nuru na akuandalie mahali pema. Mimi nakwenda kuanika sare, kesho naingia asubuhi.

Mumeo,
Shabani,
Muuguzi, Zahanati ya Tura